Mwanangu na chombo cha anga kisichokuwepo

Ilikuwa saa nane na dakika kumi usiku. Niliamka kwenda kunywa maji, nikaona mwanga unapenya chini ya mlango wa chumba cha kijana wangu. Haikuwa mara ya kwanza wiki ile. Jioni alikuwa ameniambia anajisomea hesabu, maana mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulikuwa umebakiza miezi mitatu tu.

Nikasukuma mlango. Kwenye kompyuta mpakato aliyopewa na mjomba wake hapakuwa na hesabu. Palikuwa na kitu kirefu cheupe, mbele kina tufe, katikati kimejipanga pingili pingili kama muwa.

"Hicho ni nini?"

"Chombo cha anga, mama."

"Cha nani?"

"Cha kwenye sinema. Nakijenga upya."

Sikuuliza zaidi. Kulipokucha, ile kompyuta ilikuwa ndani ya kabati langu la nguo na ufunguo uko kwenye mkoba wangu. Jaribio la mwisho la hesabu alikuwa amepata alama 38 kwa 100, na mimi nilikuwa nimeshajua kilichozila zile 62.

Wazazi wenzangu, haya yaliyofuata nayaandika kwa sababu naamini siko peke yangu. Nyumba nyingi siku hizi zina mtoto anayekesha na skrini, na mzazi ambaye hajui kilichomo ndani yake.

Chombo chenyewe ni kipi

Kompyuta ilipokuwa kabatini, nilimpigia kaka yangu simu kumlaumu. Akacheka, akaja Jumapili na flashi yenye filamu yenyewe ili nione nilichokuwa nakigombeza.

Filamu inaitwa 2001: A Space Odyssey. Ilitoka Aprili 1968, zaidi ya mwaka mmoja kabla binadamu hajakanyaga mwezini. Mwongozaji wake ni Stanley Kubrick, Mmarekani aliyeitengeneza akiwa Uingereza, na hadithi aliiandika pamoja na mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke. Dakika kama 25 za mwanzo hakuna mtu anayesema neno. Mimi nililala mara mbili. Lakini kinapotokea chombo kiitwacho Discovery, kikipeleka wanaanga kwenye sayari ya Jupiter, usingizi ulikatika.

Mbele kina tufe kubwa, ndimo watu wanamoishi. Nyuma kabisa kuna injini. Katikati umelala uti wa mgongo mrefu, na juu yake imesimama antena yenye sahani moja kubwa na ndogo mbili pembeni. Kinakwenda polepole, kimya, na jua linakipiga upande mmoja tu. Ukikitazama unaamini kipo.

Kwa namna fulani kweli kilikuwepo. Wakati ule hapakuwa na kompyuta za kuchora sinema. Mafundi walitengeneza kwa mikono modeli mbili. Kubwa ilikuwa na urefu wa mita 16 na zaidi, ndefu kuliko basi la abiria. Ndogo ilikuwa na mita 4.6, ya kupigia picha za mbali. Juu ya ngozi ya modeli walibandika vipande vidogo vidogo vilivyotolewa kwenye seti za plastiki za kuunga, zile zinazouzwa madukani kwa watu wa kujitengenezea vifaru, ndege na meli za mapambo. Mtazamaji anaona mabomba na mifuniko, anaamini kila kimoja kina kazi.

Wabunifu wawili waliochangia sana mwonekano wa vyombo hivyo, Harry Lange na Frederick Ordway, walikuwa wametoka kwenye mpango wa anga wa Marekani. Ndiyo maana mambo hayakuchorwa ovyo. Katika kitabu cha Clarke, Discovery ina mapanga makubwa ya kupoza joto la mtambo wake, kama mabawa ya kereng'ende. Kwenye filamu yaliondolewa, kwa hofu kwamba watazamaji wangeyadhania ni mabawa ya kurukia, na huko juu hakuna hewa ya kurukia.

Hata kupiga picha kulikuwa kazi ya subira. Sinema ni picha 24 kwa kila sekunde. Ili sehemu zote za modeli zionekane kali, za karibu na za mbali, tundu la kamera lilifinywa sana, na kila picha ikahitaji sekunde kadhaa za kuingiza mwanga. Tuseme ni sekunde 4. Onyesho la sekunde 10 lina picha 240, kwa hiyo linakula dakika 16 za kamera kusogea taratibu bila kutikisika. Mtu akikohoa akagusa reli, wanaanza upya.

Kisha kazi ilipokwisha, modeli na michoro mingi ikaharibiwa. Kubrick hakutaka vitu vyake vije kuonekana katika filamu za watu wengine. Modeli moja ya chombo kingine cha filamu hiyo, kinachowapeleka abiria mwezini, ilisalimika, na mwaka 2015 ilinunuliwa mnadani kwa dola 344,000 na taasisi ile inayotoa tuzo za Oscar. Discovery haikusalimika.

Matokeo yake yalikuja kuonekana mwaka 1984, ilipotengenezwa filamu ya pili ya hadithi hiyo, chini ya mwongozaji Peter Hyams. Chombo kilitakiwa kionekane tena, na hakikuwepo. Mafundi wa kulipwa, wa Marekani, walilazimika kurudi kwenye filamu ya zamani, wakatoa picha moja moja, wakazikuza, wakapima, wakajenga upya kwa macho.

Kaka yangu akanitazama. "Dada, hiyo ndiyo kazi anayofanya mwanao kule chumbani. Tofauti ni kwamba wao walilipwa."

Sikusema kitu. Lakini kabati sikulifungua.

Daftari la safu tatu

Nilitegemea kijana atanuna. Hakununa. Alikuwa akirudi shuleni, anakula, anaosha vyombo zamu yake ikifika, halafu anakaa mezani na daftari. Siku ya tisa nikalifungua lile daftari nikitafuta kazi ya hesabu aliyopewa shuleni.

Nilikuta michoro. Tufe, pingili, antena, kila kimoja kimeandikwa vipimo vya milimita alivyopima juu ya skrini kwa rula kabla sijamnyang'anya kompyuta. Na kila ukurasa ulikuwa umegawanywa kwa mistari miwili ya kusimama, ukawa na safu tatu. Juu ya ya kwanza ameandika NIMEONA. Ya pili, NIMEPIGA HESABU. Ya tatu, NIMEKISIA.

Kwenye safu ya kwanza: "Sahani kubwa ya antena 1, ndogo 2." Kwenye ya pili: "Urefu wote ni karibu mara 9 ya kipenyo cha tufe." Kwenye ya tatu: "Ndani ya uti wa mgongo kuna njia ya kupita fundi? Haijaonyeshwa popote."

Nilimwita anieleze. Alieleza kwa nusu saa, na sijawahi kumsikia akieleza kitu cha shule hivyo.

Alisema shida ya kupima kwenye picha ni kwamba kilicho karibu huonekana kikubwa. Simama barabarani utazame nguzo za umeme. Zote zina urefu mmoja, lakini ya mbali inakuwa kama kijiti cha kiberiti. Kwa hiyo picha ya chombo kinachokuja usoni pako inadanganya, tufe linaonekana kubwa mno na injini ndogo mno. Unatafuta kwanza picha iliyopigwa ubavuni na kwa mbali, hiyo ndiyo inayokupa uwiano wa kuaminika.

Baada ya hapo unaingia kwenye programu. Unaanza na maumbo ya kawaida, tufe, pipa na sanduku, unayavuta na kuyakata. Kisha ndani ya programu unaweka kamera ya kufikirika, na nyuma yake unatandika picha ya filamu. Unaisogeza kamera hiyo mpaka mistari ya modeli yako ilale juu ya mistari ya picha. Kama tufe limelala sawasawa lakini injini imetokeza pembeni, kuna kitu umekosea, ama kamera au chombo. Unachukua picha ya pili, ya pembe nyingine, unajaribu tena. Modeli ikikubali picha tano tofauti bila kurekebishwa, hapo unaweza kuandika kwenye safu ya pili.

Nikamuuliza kwa nini asichukue iliyotengenezwa na mtu mwingine kwenye intaneti, maana kaka yangu aliniambia zipo tele.

"Nikinakili ya mtu, nanakili na makosa yake, mama. Na yeye hajaandika wapi alikisia."

Hapo ndipo nilipopata neno langu.

"Kwa chombo cha watu wa sinema, wasiokujua, unaandika ulichoona na ulichokisia. Mimi mama yako jioni ile uliniambia unasoma hesabu. Hilo ningeliweka safu ipi?"

Aliinamisha kichwa. Alikaa hivyo kitambo.

"Halina safu, mama. Nisamehe."

Nilimsamehe. Lakini usiku huo mimi mwenyewe sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa na safu zangu. Nilichoona kilikuwa mwanga chini ya mlango, usiku kadhaa. Nilichopiga hesabu kilikuwa alama 38. Mengine yote nilikisia. Na nilikuwa nimeshamwambia dada yangu, kwa uhakika kabisa, kwamba mtoto anaangalia video chafu usiku. Nilikisia, nikatangaza kama nimeona. Kesho yake nilimpigia dada yangu nikafuta maneno yangu. Kwa mtoto pia nilisema. Si rahisi kumwambia mtoto wa miaka 15 "nilikudhania vibaya", lakini kama nataka anipe ukweli, ilinibidi nianze mimi.

Kompyuta ikatoka kabatini. Ikawekwa sebuleni, si chumbani.

Swali la fundi

Baba yake ni seremala. Tangu mwanzo msimamo wake ulikuwa mfupi, kwamba chombo chenyewe hakipo, sasa kinapimwa cha nini? Kompyuta ilipohamia sebuleni, akawa analazimika kuiona kila anapokula.

Wakati huo kijana alikuwa amekwama kwenye gurudumu. Nieleze kidogo. Ndani ya tufe la Discovery mna gurudumu kubwa pana linalozunguka, na wanaanga wanatembea ndani ya ukingo wake ili wasielee. Ni jambo lile lile la ndoo ya maji. Ukiizungusha kwa nguvu juu ya kichwa, maji hayamwagiki, yanabanwa kwenye kitako cha ndoo. Ukizungusha gurudumu, ukingo wake unakuwa sakafu.

Kwa ajili ya filamu gurudumu hilo lilijengwa kweli, na kampuni ya Uingereza ya Vickers-Armstrong, kwa gharama ya dola 750,000. Lilikuwa na kipenyo cha futi 38, yaani mita 11.6, na upana wa futi 10, yaani kama mita 3. Lilipozunguka, mwigizaji alikuwa akitembea chini papo hapo, na kwenye skrini ikaonekana kama anapanda ukuta na kuzunguka hadi darini.

Sasa, kitabu cha Clarke kinasema tufe lina kipenyo cha futi 40, yaani mita 12.2. Je, gurudumu la mita 11.6 linaingia ndani ya tufe la mita 12.2?

Mtu wa haraka atasema linaingia, kwa kuwa 11.6 ni ndogo kuliko 12.2. Lakini gurudumu lina upana, na tufe linapungua kadiri unavyotoka katikati. Kijana alikumbuka kanuni ya Pythagoras, ile ile iliyomwangusha kwenye jaribio. Nusu kipenyo cha tufe ni 6.1, ukizidisha yenyewe kwa yenyewe ni 37.21. Nusu kipenyo cha gurudumu ni 5.8, ukizidisha yenyewe kwa yenyewe ni 33.64. Toa, inabaki 3.57. Kipeuo chake cha pili ni kama 1.89. Zidisha kwa mbili kwa kuwa kuna pande mbili, unapata mita 3.78. Gurudumu lina mita 3. Linaingia, na inabaki nafasi ya sentimita 39 kila upande.

Alipiga kelele za furaha. Baba yake, aliyekuwa anamalizia ugali, akauliza bila kuinua kichwa:

"Ukuta wa hilo tufe una unene gani?"

"Sijaweka ukuta, baba."

Mzee akacheka mpaka akasogeza sahani. Akasema ndivyo wanagenzi wake wanavyofanya. Wanachukua kipimo cha nje cha kabati, wanakata droo kwa kipimo hicho hicho, halafu wanashangaa droo imegoma kuingia. Ubao una unene. Kipimo cha nje si kipimo cha ndani.

Kijana akaweka ukuta wa sentimita 20 tu, kwa kukisia, akaandika safu ya tatu. Nusu kipenyo cha ndani kikawa mita 5.9. Akarudia hesabu. Safari hii nafasi ikawa mita 2.16. Gurudumu la mita 3 halikuingia.

Nyumba ikawa kimya. Nilidhani atalia. Baba yake ndiye aliyevuta kiti.

"Hiyo mita 11.6 ni ya nje ya gurudumu au ya ndani?"

Hawakuwa na uhakika. Na wakiwa wanatafuta hilo, wakakuta kwamba Clarke kitabuni alilipa gurudumu lake futi 35, si 38. Hiyo ni mita 10.7. Wakapiga tena, pamoja na ukuta wa sentimita 20. Nafasi ikawa karibu mita 5. Gurudumu la upana wa mita 3 linaingia na linazunguka bila kugusa. Kwa tufe lile la futi 40, mwandishi alikuwa ameacha nafasi. Gurudumu lililozidi ukubwa ni lile lililojengwa kwa ajili ya filamu.

Sinema nyingi ziko hivyo. Hata kile chombo maarufu cha Star Wars cha mwaka 1977, Millennium Falcon, wapenzi wake wanajua kwamba vyumba vya ndani vilivyojengwa studio havitoshi ndani ya umbo la nje. Anayekijenga upya hana budi kuchagua. Anaweza kukuza nje, anaweza kupunguza ndani, au anaweza kuacha mgongano kama ulivyo. Kosa ni kuchagua halafu kujifanya hukuchagua.

Kijana alichagua umbo la nje lifuate filamu na gurudumu lifuate kitabu. Akaandika sababu kwenye daftari. Bado karakana ya vile vyombo vidogo vitatu vya kutokea nje haijamkalia vizuri ndani ya tufe, na amesema hivyo waziwazi.

Jua ni moja

Kuna jambo jingine nililojifunza kwa kukaa karibu naye, nalo ni mwanga. Modeli ikishakamilika huwa ya kijivu, haina rangi wala kivuli. Unaipa ngozi, unaweka taa, halafu unaiachia kompyuta ipige hesabu ya kila miale ili itoe picha. Yake ni ya kizamani, picha moja ilichukua dakika 40 na feni ikilia kama mashine ya kusaga.

Mara ya kwanza aliweka taa tano, kama za ukumbi wa harusi. Chombo kikaonekana mdoli. Kule angani jua ni moja, na hakuna hewa ya kutawanya mwanga wala ukuta wa kuurudisha. Upande wa jua unang'aa, upande wa pili ni giza totoro. Alipozima taa nne, chombo kikawa kizito, kikubwa, cha kweli. Hakuongeza kitu chochote, alipunguza tu.

Tulichokubaliana

Mapenzi ya mtoto hayafuti ratiba. Tulikaa watatu tukakubaliana. Kompyuta inakaa sebuleni. Siku za shule haiguswi. Ijumaa jioni na Jumamosi, baada ya kazi za nyumbani na za shule, anafanya hadi saa nne usiku, kisha anazima. Picha zinazochukua muda mrefu anaziachia Jumamosi mchana, kwa sababu yuniti za umeme ananunua baba yake.

Mzazi ambaye mtoto wake ameangukia jambo kama hili, nakushauri machache niliyoyapitia.

Kwanza, mwambie akueleze. Usimuulize "unafanya nini?" kwa sauti ya polisi. Muulize, "Hiki umekijuaje?" Mtoto anayefanya kazi ya kweli atakuwa na jibu refu. Anayepoteza muda atakosa.

Pili, gharama si kubwa kama unavyodhani. Programu anayotumia inaitwa Blender, na ni ya bure kihalali. Ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal, na mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 katika wiki saba ili iachiwe huru kwa wote. Si programu ya watoto. Filamu ya katuni iitwayo Flow, kutoka nchi ndogo ya Latvia, ilitengenezwa kwa Blender na ikashinda Oscar mwaka 2025. Kinachohitajika ni kompyuta isiyo dhaifu sana, mausi ya mkononi, na bando la kutazamia mafunzo.

Tatu, aanze na vitu vilivyopo nyumbani. Kijana wangu alianza na kikombe, kisha kiti cha jikoni, ambacho anaweza kukigeuza na kukipima. Ukishajifunza kupima kilichopo, ndipo utaweza kukipima ambacho hakipo.

Nne, mfundishe haki ya mwenye kazi. Kujenga chombo cha filamu kwa kujifunza ni jambo moja, kukiuza ni jambo jingine, na kuweka jina lako kwenye modeli ya mtu mwingine ni wizi hata kama hukulipwa shilingi.

Tano, usimwahidi kwamba atakuwa tajiri. Ujuzi huu wanautumia wasanifu majengo, wahandisi, watengeneza michezo ya kompyuta na watu wa filamu. Huenda ukampeleka huko, huenda usimpeleke.

Mtihani ulikuja ukapita. Hesabu alipata C. Sikuchinja kuku, lakini kutoka alama 38 nilishukuru Mungu. Mwezi uliopita mteja alimpa baba yake kazi ya kabati la kukaa chini ya ngazi. Mzee, bila kusema sana, aliweka karatasi ya vipimo mbele ya kijana. Kijana akalichora, unene wa ubao ukiwemo. Ikaonekana mlango mmoja ungegonga ngazi. Waligeuza bawaba kabla ubao haujakatwa.

Discovery bado haijaisha. Sehemu zote za safu ya tatu amezipaka rangi ya kijivu, ili anayetazama ajue hapo ni makisio. Kijivu bado ni kingi.

Jumapili iliyopita, tukijiandaa kwenda kanisani, alinifuata jikoni.

"Shikamoo mama. Jana nilipitiliza. Nilizima saa tano kasorobo, si saa nne."

Sikuwa najua. Nilikuwa nimelala fofofo, na kama angenyamaza lingepita. Nikamwitikia marahaba, nikamshukuru kwa kusema, nikamkata dakika 45 za Jumamosi inayofuata.